Kutembeza ndege ardhini usiku, ukungu ukiwa chini: jibu kwa rubani msaidizi wa Lubumbashi

Swali: Mzee Komanda, jambo sana. Mimi ni rubani msaidizi katika kampuni ndogo ya hapa Lubumbashi, na saa zangu za kuruka usiku bado ni chache. Mwezi wa pili tulitoka maegeshoni, uwanja wa ndege wa Luano, kabla ya kupambazuka; mvua ilikuwa imekatika lakini ukungu ulikuwa umekaa chini. Komanda wangu aliwasha taa zote, akaenda mbio, huku akiniamuru nisome orodha ya ukaguzi. Kwa kitambo sikujua tulikuwa wapi, na sikusema. Je, katika hali kama ile taa zitumiwe namna gani, mwendo uwe upi, na mdogo kama mimi aseme nini mbele ya mkubwa wake?

Jibu: Mwanangu, umeuliza mambo matatu, lakini lililo zito kuliko yote umelitaja kama la kupita tu: kwamba kwa kitambo hukujua mlikuwa wapi. Nitaanza na hilo, kwa sababu taa, mwendo na maneno ya kumwambia mkubwa wako vyote vinategemea swali ambalo rubani anayetembeza ndege gizani anapaswa kuwa na jibu lake wakati wote: niko wapi, na nimejuaje?

Sehemu ya pili ya swali hilo ndiyo ambayo wengi wetu huiruka. Ukimwuliza rubani aliye katikati ya ukungu yuko wapi, atakujibu bila kusita, kwa maana hakuna anayependa kukaa bila jibu. Ukimwuliza amejuaje, mara nyingi atakuambia kwamba amefuata taa za kijani, au amefuata ndege iliyotangulia, au kwamba hii ndiyo njia yake ya kila siku. Hakuna hata moja kati ya hayo linalothibitisha mahali. Taa za kijani zilizopandwa katikati ya njia zinakuhakikishia kwamba magurudumu yako yamo juu ya njia, lakini hazikuambii ni njia ipi. Ndege iliyotangulia huenda imepewa kibali tofauti na chako, au imepotea yenyewe. Na mazoea, usiku wa ukungu, ni shahidi anayesema lile unalotaka kusikia.

Tarehe 8 Oktoba 2001, asubuhi, uwanja wa Linate mjini Milan, Italia, ulikuwa umefunikwa na ukungu mzito. Jeti ndogo aina ya Cessna Citation ilipewa kibali cha kutoka maegesho ya magharibi kwa njia iliyoitwa R5, inayoelekea kaskazini na kuzunguka nje ya mwisho wa pisti (barabara ya kurukia na kutua). Marubani wake wakaingia R6, inayoelekea kusini-mashariki na kuikata pisti yenyewe. Njiani walimtajia mwongozaji wa ndege, kwa redio, alama waliyoiona chini, S4. Alama hiyo haikuwamo katika ramani alizokuwa akitumia, naye akaendelea kuamini kwamba wako upande wa kaskazini. Rada ya ardhini haikuwa ikifanya kazi. Wakati huohuo ndege ya abiria ya SAS, MD-87, ilikuwa imekwisha kuanza mbio za kuruka juu ya pisti hiyo, zikagongana. Watu 118 walikufa, wanne kati yao wakiwa wafanyakazi wa uwanja waliokuwa katika jengo la mizigo. Wachunguzi walikuta makosa mengi, ya watu na ya uwanja, tena alama na taa za pale zilikuwa pungufu mno. Lakini wewe uliyeketi kwenye kiti cha rubani, litazame jambo moja ambalo ukungu haukuweza kulificha: kati ya njia inayokwenda kaskazini na njia inayokwenda kusini-mashariki, dira ya ndege inaonyesha tofauti kubwa sana, iwe usiku, iwe mchana, iwe mvua.

Ndiyo maana ninawafundisha vijana kwamba mahali pathibitishwe na mashahidi wawili wasiotoka nyumba moja. Ubao wa kando ya njia na dira ni mashahidi wawili. Ramani na alama iliyopakwa chini ni mashahidi wawili, mradi ramani ni ya sasa. Taa za kijani pamoja na kumbukumbu ya komanda si wawili, kwa kuwa kumbukumbu itazitafsiri taa hizo kama inavyopenda. Na mashahidi wawili wakipingana, hatuchagui yule anayetupendeza, tunasimama.

Kwamba jambo hilo si dogo, ilionekana Taipei tarehe 31 Oktoba 2000, usiku, katika mvua na upepo wa tufani. Boeing 747 ya Singapore Airlines, safari namba SQ006, ilipaswa kuruka kutoka pisti 05L (namba ya pisti ni uelekeo wake wa dira bila tarakimu ya mwisho; L ni ya kushoto, R ni ya kulia). Kabla ya kuifikia hiyo, njia hupita penye pisti 05R, sambamba nayo, ambayo sehemu yake ilikuwa imefungwa kwa matengenezo. Taa za kijani zilipinda vizuri kuingia 05R. Zile za kuendelea mbele hadi 05L zilikuwa chache, moja imezimika na nyingine imefifia. Wakazifuata zilizoonekana. Ndani ya ndege kulikuwa na chombo kinachosoma mawimbi ya redio ya pisti na kumwonyesha rubani kama yuko katikati yake, nacho hakikuonyesha kilichotarajiwa, kwa sababu ndege haikuwa kwenye pisti ile. Marubani walikiona, wakakipuuza, kwa kuwa mbele yao waliona pisti yenye taa. Ndege ikagonga vyuma na mashine za ujenzi, na watu 83 kati ya 179 wakafa. Hawa hawakuwa marubani wazembe. Walikuwa na ramani, na notamu, yaani tangazo rasmi kwa marubani, ya kufungwa kwa pisti walikuwa wameisoma.

Sasa turudi Luano. Uwanja wetu hauna mtandao wa njia kama Milan au Taipei, na pisti yetu ya 07 na 25, yenye mita 3200 hivi, kila mmoja wetu anaifahamu. Mimi naona kufahamu huko ndiko kunakotufanya tuache ramani kwenye mkoba. Msimu wa mvua, kuanzia mwezi wa kumi na moja, dhoruba ya jioni huacha maji juu ya lami na unyevu hewani, na kunapokaribia kucha ukungu hushuka. Kiangazi, moto wa porini na moshi wa tanuru za makaa huchanganyika na vumbi, na usiku usio na upepo taa za mbali huwa nyekundu na hafifu. Tena umbali wa kuonekana unaosomewa na mnara wa kuongozea ndege si lazima uwe ule ulioko mahali ulipo wewe. Penye vipimo vya RVR, yaani vya umbali wa kuona juu ya pisti, vipimo hivyo huwekwa kando ya pisti, si maegeshoni. Chukua kwamba mnara haukuoni. Mwongozaji aliyeko juu, ukungu ukiwa katikati, anajua kuhusu mahali pako lile tu unalomwambia.

Kazi kubwa basi hufanyika kabla breki haijaachiliwa. Injini zikiwa bado hazijawashwa, toeni ramani, mmoja achore kwa kidole njia mtakayopita na mwingine aisome kwa sauti, kila kona na uelekeo wake wa dira: tunatoka hapa, tunapinda kushoto, dira isome karibu na namba fulani, kisha ubao fulani uje upande wa kulia, kisha tunasimama. Someni notamu za uwanja huo mkitafuta mambo mawili tu: ni wapi pamefungwa na ni taa zipi hazifanyi kazi. Kibali cha mnara kiandikwe, kisishikwe kichwani, na kikitofautiana na mlichopanga, mpango uchorwe upya kabla ya kusogea. Amueni pia ni nani atakayetazama nje tu. Katika ndege ya marubani wawili, anayeendesha hana ruhusa ya kuinamisha kichwa. Msaidizi anainama kwa muda mfupi, anasoma ramani na dira, anatangaza, anainua macho tena. Kibao cha elektroniki kinachoonyesha ndege yako juu ya ramani kinasaidia sana, nami sikikatai, ila mwanga wake upunguzwe kabisa, na asiwepo mtu anayeendesha huku akikitazama hicho badala ya kioo cha mbele.

Kwa hiyo komanda wako alikosea aliposema usome orodha ya ukaguzi mkiwa mnatembea. Nasema hivyo waziwazi. Ukaguzi wa kabla ya kuruka unaweza kungoja mpaka ndege isimame kwenye mstari wa kungojea kabla ya pisti, breki ya kuegesha ikiwa imevutwa. Hakuna kitu ndani yake kinachoharibika kwa kungoja dakika mbili. Mkiwa mnatembea gizani, aliyepewa karatasi asome ni jozi moja ya macho iliyoondolewa dirishani, na ni macho yaleyale ambayo yangesoma ubao. Mazungumzo ya nyumbani, mishahara na mpira yangoje pia. Kule Lexington, Kentucky, tarehe 27 Agosti 2006, kabla ya kupambazuka, marubani wa Comair 5191 walizungumza mambo yasiyohusu safari wakati wa kutembeza ndege, kisha wakaruka kutoka pisti 26 badala ya 22. Pisti 26 ilikuwa na urefu wa karibu nusu ya ile nyingine, na taa zake hazikuwaka. Dira ilikuwa mbele yao ikisoma nyuzi karibu 40 tofauti na pisti waliyopewa. Walikufa watu 49 kati ya 50. Aliyepona ni rubani msaidizi.

Kuhusu rangi za ardhini nitapita haraka, kwa kuwa ulizisoma shuleni, lakini nataka uzisome upya kwa jicho la mtu aliyepotea. Taa za bluu ni kingo za njia ya kutembezea ndege. Nyeupe ni kingo za pisti, ambazo hugeuka njano katika mita 600 za mwisho kwa anayekimbia kuruka. Ukijikuta katikati ya safu mbili nyeupe wakati unadhani uko njiani, uko juu ya pisti, na huo si wakati wa kujadiliana. Ubao mweusi wenye maandishi ya njano unakuambia ulipo. Wa njano wenye maandishi meusi unakuambia njia inakokwenda. Mwekundu wenye maandishi meupe ni mpaka ambao huupiti bila kibali. Mstari wa kungojea una mistari minne ya njano, miwili mizima upande wako na miwili ya vipande upande wa pisti. Ukiiona kinyume, yaani vipande vikiwa upande wako, basi unatoka pistini. Penye safu ya taa nyekundu zinazokatiza njia, hata kama mnara umekupa kibali, usivuke zikiwa bado zinawaka: uliza. Jihadhari na rangi iliyopakwa chini usiku wa mvua. Maji yakituama juu yake, mwanga wa taa zako unateleza na kwenda mbele badala ya kukurudia, na mistari minne inatoweka kana kwamba haikupakwa. Viwanja vingi vidogo havina taa za katikati ya njia, na rangi imechakaa, kwa hiyo huko dira na ramani vinabeba mzigo ambao kwingine hubebwa na taa.

Umeuliza juu ya taa za ndege yenyewe. Kuwasha zote ndani ya ukungu ni kujipofusha: matone ya maji yaliyo hewani huurudisha mwanga mkali machoni mwako, na mbele yako unapata ukuta mweupe. Tumia taa ya kutembezea peke yake. Hata hiyo ikikurudishia mwanga kupita kiasi, punguza mwendo zaidi au izime kwa muda uone kama taa za njia zinaonekana vizuri zaidi bila hiyo. Taa kali za kutua zingoje pisti. Taa zinazometameta nyeupe nazo zingoje, kwa sababu ndani ya ukungu zinamulika mazingira yote kila zinapopiga, na tena zinamwumiza macho rubani wa ndege iliyo mbele yako. Lakini unapoingia pistini, hata kama ni kuivuka tu, ziwashe zote ili anayekuja kutua apate nafasi ya kukuona. Ukisimama kumpisha mwenzako, zima taa ya mbele asipofuke. Na ukiona taa za ndege nyingine gizani, zisome: nyekundu ni bawa la kushoto na kijani ni la kulia, kwa hiyo ukiona kijani upande wako wa kushoto na nyekundu upande wako wa kulia, pua yake inakutazama, ukiona nyeupe peke yake, huo ni mkia.

Ndani ya chumba cha marubani, mwanga wote uwe chini. Jicho huhitaji karibu nusu saa kuzoea giza kikamilifu, na taa moja ya dari ikiwashwa ili mtu atafute kalamu, nusu saa hiyo imepotea. Radi za Katanga zinaweza kukuharibia macho hayo bila kukuomba ruhusa. Usiku wenye radi nyingi karibu, afadhali mwanga wa ndani uongezwe kidogo kuliko kuyatesa macho kwa kubadilika kila mara. Kioo nacho kifutwe kabla ya kuondoka, nje na ndani. Wafanyakazi wa ardhini watanung'unika, lakini kioo chenye mafuta na vumbi, kikimulikwa na taa za maegesho, huzaa ukungu wake chenyewe.

Mwendo sasa. Usiku mwendo hudanganya: vitu vya pembeni ambavyo mchana hukuonyesha kwamba unakimbia havionekani, na kadiri kiti chako kilivyo juu ndivyo unavyodhani unatambaa. Usiuamini mwili wako. Soma mwendo wa ardhini kwenye chombo. Noti 10 ni kilometa 18 na nusu kwa saa, yaani karibu mita 5 kwa kila sekunde; noti 20 ni mita 10 kwa sekunde. Kama unaona mita 100 mbele na unakwenda noti 20, kati yako na usichokiona kuna sekunde 10. Ondoa sekunde mbili au tatu za kugundua na kuamua, ondoa tena zile za breki juu ya lami iliyolowa, na ubao uliopo kando ya njia umekupa muda mfupi mno wa kuusoma, kuulinganisha na ramani na kuutangaza. Kwa hali uliyoieleza, mimi nisingezidi noti 10 mahali palipo wazi, na kwenye kona au karibu na mstari wa kungojea ningekwenda mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu. Nguvu ya injini isiongezwe ovyo ili kurudisha mwendo uliopotea. Nyuma yako kunaweza kuwa na mtu usiyemwona. Na mkisimama, vuteni breki ya kuegesha: mvua inayopeperushwa mbele ya taa, au ndege jirani inayosogea polepole, humfanya mtu ahisi kwamba yeye ndiye anayesogea, au mbaya zaidi, ahisi amesimama huku anateleza kuelekea mstari.

Kuna jambo la viwanja vya nchi yetu ambalo vitabu vya nje huligusa kidogo tu. Katika viwanja vyetu vingi pisti yenyewe ndiyo njia: unaingia katikati, unatembea juu yake kinyume na uelekeo wa kuruka mpaka mwisho, unageuka nyuzi 180, ndipo unaruka. Dakika hizo zote unaishi mahali ambapo ndege nyingine inaweza kutua. Usianze safari hiyo kabla mmoja wenu hajatazama upande wa wanaokuja kutua na mwingine hajasikiliza redio vya kutosha kujua nani yuko angani. Fika mwisho, geuka, tangaza. Taa zote za uwanja zikizimika ghafla kwa kukatika kwa umeme, simama palepale na uuambie mnara. Jenereta ya akiba inapaswa kuzirudisha baada ya sekunde chache, na hakuna sababu ya kuendelea kutambaa gizani ukiitegemea kumbukumbu ya pale taa zilipokuwa.

Kibali cha kuingia pistini kirudiwe chote, pamoja na namba ya pisti, na wewe msaidizi usikubali kurudia nusu yake. Pale Haneda, Tokyo, jioni ya tarehe 2 Januari 2024, ndege ya walinzi wa pwani iliambiwa kwamba ni ya kwanza katika foleni na iende hadi mahali pa kungojea; wahudumu wake wakaelewa kwamba wameruhusiwa kuingia, wakakaa juu ya pisti kwa sekunde 40 hivi, na Airbus A350 ya Japan Airlines ikatua juu yao. Watano kati ya sita waliokuwamo katika ndege ndogo walikufa. Abiria na wahudumu wote 379 wa ile kubwa walitoka hai. Hakukuwa hata na ukungu. Kuwa wa kwanza si kibali, na kuambiwa usubiri ndege fulani itue si kibali mpaka umeiona ndege hiyohiyo ikitua. Luano tunasikia Kifaransa na Kiingereza kwenye masafa mamoja, na wageni wanaokuja kutoka Johannesburg au Addis Ababa huenda hawaelewi kilichosemwa kwa wenzao. Wewe unayesikia vyote viwili una picha ambayo wao hawana, basi itumie.

Mkisha kupewa ruhusa ya kujipanga, kabla pua haijavuka mistari, mtaje wote wawili namba ya pisti iliyoandikwa kwenye ubao. Mkisha kunyooka, dira isome karibu 070 au 250, kingo ziwe nyeupe pande zote mbili. Namba ikikataa, usiongeze nguvu ya injini. Na usikubali kusahauliwa juu ya pisti. Usiku wa tarehe 1 Februari 1991, Los Angeles, ndege ndogo ya SkyWest ilikuwa imepangwa pistini ikingoja, na mwongozaji akairuhusu Boeing ya USAir itue palepale. Walikufa watu 35. Sekunde 90 zikipita bila neno kutoka mnarani, mwite, umtajie kwamba bado uko juu ya pisti.

Nimefika kwa mkubwa wako. Najua tulivyolelewa: mdogo hamkatizi mzee, hasa mzee aliyemfundisha kazi. Lakini sentensi unayohitaji haimhusu yeye. Sema, «Komanda, sina hakika na mahali tulipo, naomba tusimame.» Hujasema kwamba amekosa, umesema kwamba wewe huna hakika, na hilo ni la kweli, wala hakuna anayeweza kulikanusha. Hasira, kama itakuwapo, ipokee mkiwa mmesimama. Asiposimama, neno lako la pili ni moja tu, «Simama», kwa sauti ya amri, na la tatu linakwenda mnarani. Tenerife, tarehe 27 Machi 1977, ndani ya ukungu, ndege ya KLM ikiwa inaanza mbio za kuruka, mhandisi wake wa safari aliuliza kama ndege ya Pan Am imekwisha kuondoka pistini. Komanda, aliyekuwa mwalimu mkuu na mtu wa kuheshimiwa, akamjibu kwa uhakika kwamba imeondoka, na swali likafia hapo. Ndege hizo mbili zikagongana, watu 583 wakafa. Swali lilikuwa sahihi. Lilikosa tu hatua ya pili.

Hata hivyo usidhani kwamba msaidizi ndiye mwenye haki kila mara. Detroit, tarehe 3 Desemba 1990, katika ukungu, DC-9 ya Northwest ilipotea njia na kuingia kwenye pisti iliyokuwa ikitumika, ikagongwa na Boeing 727 iliyokuwa inaruka, wanane walikufa. Komanda wa DC-9 alikuwa amerudi kazini baada ya kukaa nje kwa muda mrefu, na alimwachia msaidizi wake uongozi wa njia kwa kuwa msaidizi alizungumza kwa uhakika mkubwa kuliko ujuzi aliokuwa nao. Kwa hiyo unapotangaza mahali, mtajie pia umejuaje: «Ubao unasema hivi, dira inasema hivi.» Komanda mwenye busara hatakubali tangazo lisilo na mashahidi, nawe usimpe.

Njia nyepesi zaidi ni kulimaliza jambo hili maegeshoni, kabla ya injini. Mwambie, «Komanda, usiku huu nikisema simama, tusimame kwanza, tuulizane baadaye.» Sijapata kumwona komanda akikataa neno hilo akiwa ameketi kwenye ndege iliyozimwa, na baada ya hapo kusimama hakutakuwa ukaidi wako, kutakuwa makubaliano yenu. Mkipotea kweli, ujumbe wa mnara uwe mfupi: tumesimama, hatuna hakika na mahali tulipo, tunaona ubao fulani au hatuoni kitu, dira yetu inasoma hivi. Ukiwa na shaka hata kidogo kwamba mko juu ya pisti, hilo ndilo la kwanza kusemwa, kabla ya jina la ndege kama itabidi, na kama unaiona njia ya kutokea, tokeni. Kama haionekani, washeni kila taa mliyo nayo. Mnaweza pia kuomba gari la kuwaongoza, au kuomba mwelekezwe kona kwa kona. Hakuna aibu katika hilo, na mwongozaji atapendelea kutumia dakika tano na nyinyi kuliko usiku mzima na wachunguzi.

Mwisho ni kurudi, ambako watu hulegea kwa kuwa safari imekwisha. Baada ya kutua usianze kuzima taa na kukunja vitu wakati mkia wako bado uko upande wa pisti wa ile mistari minne. Ndege yote ivuke, ndipo uuambie mnara kwamba umetoka. Maegeshoni, mstari wa katikati unalinda magurudumu, haulindi mabawa, kwa sababu hauwezi kujua kwamba lori la mafuta limeachwa vibaya au jenereta ya kuvutwa imesogezwa. Omba watu wenye tochi wasimame kwenye ncha za mabawa. Mfuate mwelekezaji ukiona vijiti vyake vyote viwili vya taa. Akivipishanisha juu ya kichwa, simama, na kijiti kimoja kikipotea machoni pako, simama pia, mpaka akionyeshe tena.